Diski Imekufa, Kompyuta Haijafa

Kompyuta ya iMac ya Apple ikiipoteza diski yake haizimiki. Inawaka vizuri, inatoa mlio wake wa kuamka, kioo kinageuka cheupe, halafu katikati inatokea folda ndogo ya kijivu yenye alama ya kuuliza. Inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Wengi wakiiona wanasema mashine imekufa, na hapo ndipo inapoanza safari ya kwenda kuuzwa vipuri. Lakini hebu fikiria: ili folda hiyo ionekane, lazima ugavi wa umeme uwe mzima, ubao mkuu uwe mzima, prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda), kadi ya picha na kioo chenyewe vyote viwe vinafanya kazi. Mashine imejikagua, imejikuta salama, na sasa inauliza jambo moja tu: mfumo wangu wa uendeshaji uko wapi?

Naandika haya kwa sababu ya shangazi yangu wa Tanga. Ana duka la stesheneri Ngamiani: fotokopi, picha za pasipoti, kadi za mialiko ya harusi, barua za maombi ya kazi za vijana wa mtaani. Kompyuta yake ni iMac ya inchi 21.5 ya mwaka 2011, ile ya bei ya chini katika toleo lake, prosesa ya Core i5 ya 2.5GHz na diski ya GB 500. Mwanawe alimletea kutoka Muscat ikiwa imeshatumika, na imemfanyia kazi miaka mingi. Siku ilipotoa folda yenye kiulizo, fundi mmoja aliizungusha, akaangalia mgongo wake, akasema haifunguki kwa sababu nyuma haina hata skrubu moja, kisha akataja bei ya kuinunua yeye.

Nilipopiga simu hata salamu hazikuwa ndefu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mtu wa kompyuta, hebu niambie. Wanasema hii niuze kioo. Sasa kazi za watu zilizomo humo nitazipata wapi?"

"Inaonyesha nini ukiiwasha?"

"Kifolda na kiulizo. Tangu asubuhi naizima naiwasha."

"Basi usiiuze, na usiiwashe tena. Chomoa waya ukutani mpaka nifike."

Hilo la kutoiwasha tena ndilo ninalomwambia kila mtu kwanza, kabla ya bei, kabla ya vipuri, kabla ya lolote. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani ni sahani zilizopangwa juu ya mhimili mmoja, zikizunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Juu ya kila uso wa sahani kinaelea kichwa cha kusomea. Kinaelea kweli, juu ya hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, umbali wa nanomita chache tu kutoka kwenye sahani. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kikilegea au uso wa sahani ukipata kovu, kila dakika ya kuzunguka inaweza kuwa inakwangua harusi ya mtu. Mwenye mashine anaizima na kuiwasha akitumaini safari hii itakubali, na kila jaribio linapunguza kile ambacho kingeokolewa.

Kuna diski zinazokufa kwa kelele na zinazokufa kimya. Ikigonga tik, tik, tik, ikanyamaza, ikaanza tena, vichwa vinatafuta njia na kuikosa. Hiyo usiiguse. Kama kilichomo kina thamani ya fedha au ya moyo, inakwenda kwa wataalamu wa kuokoa data wenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa. Kama hakina thamani hiyo, iache. Watu bado wanashauriana kuiweka diski kwenye friza. Kwa hali ya hewa ya Tanga, ukiitoa friza unyevu wa hewa unageuka maji juu yake na ndani yake, na hapo umeua hata kilichokuwa kinapumua. Wengine wanafungua kifuniko "waone tatizo". Chembe moja ya vumbi ni mlima kwa kichwa kinachoelea nanomita chache, kwa hiyo anayefungua kifuniko mezani kwake amehatarisha kila kilichomo.

Diski ya shangazi ilikuwa ya kundi la kimya. Inazunguka, haigongi, lakini ukiiomba kitu inafikiri muda mrefu kisha haijibu. Mara nyingi maana yake ni kwamba sehemu fulani za sahani zimeharibika, na bahati mbaya ndipo mfumo ulipokaa. Faili nyingine zinaweza kuwa nzima kabisa jirani na hapo. Kuna na uwezekano wa tatu, ambao fundi mzuri hauachi: kebo ya data iliyolegea au mfumo ulioharibika wakati diski ni nzima. Ndiyo maana huwezi kutoa hukumu kwa kuangalia folda peke yake.

Na ili kujua, lazima uifikie diski. Hapa pana jambo linalonikera tangu nianze kazi hii.

Mwaka 2004 Apple ilitoa iMac G5. Unailaza kifudifudi juu ya taulo, unalegeza skrubu tatu za chini, mgongo wote unanyanyuka, na kila kitu kiko mbele ya macho yako. Kampuni yenyewe ilitoa maelekezo ya hatua kwa hatua ili mwenye mashine abadilishe diski mwenyewe. Mwishoni mwa 2005 likaja toleo lenye kamera juu ya kioo, na mlango wa nyuma ukatoweka. Tangu hapo njia ikawa ya mbele. Mwaka 2007 zikaja za alumini zenye kioo kinachoshikwa na sumaku, na ya shangazi ni ya ukoo huo. Mwishoni mwa 2012 wakazikondesha hadi milimita 5 ukingoni, kioo cha mbele kikaunganishwa na skrini, na vyote viwili vikagundishwa kwenye bodi kwa utepe wa gundi. Kwa mashine hizo, kubadilisha diski ni kukata gundi kuzunguka kioo chote kwa kigurudumu chembamba, kisha kununua utepe mpya wa kufungia.

Kilichoniudhi zaidi kipo kwenye hii ya 2011 yenyewe. Chini kabisa ina kimlango chenye skrubu chache cha kuongezea RAM. RAM haina kitu kinachozunguka, haichakai kwa kutumika, mtu anaweza kuishi na mashine yake maisha yote asiiguse. Hiyo ndiyo ikapewa mlango. Diski, ambayo kila mtengenezaji anajua ina siku zake, ikazikwa nyuma ya skrini. Na si kwamba Apple haikujua diski hufa: ilikuwa na mpango wa kubadilisha bila malipo baadhi ya diski za 1TB za iMac zilizouzwa kati ya Oktoba 2009 na Julai 2011. Mpango huo ulishafungwa zamani, na ya shangazi ya GB 500 haikuwa humo hata hivyo. Lakini mashine hizo zote zilipofika kwa mafundi wa kampuni, nao walilazimika kuanza kwa kutoa kioo. Hakuna mlango wa siri waliokuwa nao wao ambao sisi hatuna.

Basi tuifungue. Nilichokuwa nacho ni bisibisi za nyota sita, T10 na T8, vinyonyio viwili vya mpira, kibano, kitambaa cha kufutia miwani, na blanketi. Vinyonyio si lazima viwe vya duka la vifaa vya kompyuta; vile vya kubandikia simu kwenye kioo cha gari vinatosha, mradi mpira wake ni laini na kioo kimefutwa mafuta ya vidole. Kabla ya hapo, waya wa umeme umechomolewa na mashine imeachwa muda, kwa sababu ndani ya ugavi wa umeme mna kapasita zinazotunza chaji. Ubao wa ugavi wa umeme hauguswi hata kama unajiamini.

Mashine inalazwa chali. Vinyonyio vinabanwa pembe mbili za juu, unavuta kwenda juu kwa nguvu ndogo isiyobadilika, na sumaku zinaachia moja baada ya nyingine. Ukingo wa juu ukishatoka, kioo chote kinanyanyuka, na kinawekwa mbali, mahali ambapo hakuna mtu atakayeweka kiwiko. Hapo wengi wanashangaa jinsi kilivyokuwa rahisi. Kile kioo kilichofanya mashine ionekane haina mlango ndicho mlango wenyewe.

Nyuma yake kuna skrini, imeshikwa kwa skrubu nane za T10, nne kila upande. Skrubu hizi zina tabia yake: ukiilegeza hadi mwisho, sumaku za fremu zinainyakua kutoka kwenye ncha ya bisibisi na kuipeleka ukingoni, wakati mwingine inajificha kabisa. Ndiyo kazi ya kibano. Shangazi aliniletea kisosi, tukawa tunazihesabu kila moja inapoingia.

Sasa ndipo mikono ya haraka inapoharibu kazi. Skrini inanyanyuliwa upande wa juu, kidogo tu, kwa sababu bado imefungwa kwa kebo nne fupi. Moja ni ya data ya picha, nyingine ya umeme wa taa ya nyuma ya skrini, nyingine ya kihisi joto cha skrini, na ya nne ni utepe mwembamba sana kwenye kona ya juu kushoto, ule wa kulinganisha mwendo wa taa na picha. Huo ndio unaokatika. Mtu anainua skrini kwa furaha ya kuona ndani, utepe unavutwa, na kompyuta iliyokuwa na ugonjwa mmoja sasa ina miwili. Hii ni kazi ya watu wawili.

"Shika hapo juu shangazi, usivute wala usiachie."

"Nimeshika. Wewe fanya taratibu, usitazame saa."

Kila kebo inatolewa kwa kuvuta kichwa chake, si waya. Kebo ya data ina ulimi mdogo wa utepe mweusi wa kuvutia. Nilipiga picha kwa simu kila hatua, na hili nalisisitiza kwa yeyote: picha hiyo ndiyo itakayokuambia wakati wa kurudisha kebo ilipita juu ya nini na chini ya nini.

Ndani, vumbi la kijivu limeshonana kwenye mapezi ya feni zote tatu. Diski iko juu, katikati, imebebwa na kishikio cheusi chenye skrubu mbili za T10, na upande wa chini ina pini zinazoingia kwenye mipira inayomeza mtikisiko. Skrubu mbili zinatoka, diski inanyanyuliwa kutoka kwenye mipira yake, kebo ya data na ya umeme zinachomolewa. Basi. Kwa mkono uliozoea, kutoka kioo kizima hadi diski mkononi ni kazi fupi kuliko kubadilisha tairi la gari.

Kuokoa kilichomo ndiyo sehemu iliyochukua muda, na ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote. USB ya iMac ya 2011 ni 2.0 tu, ambayo ni ya polepole mno kunakili diski nzima, kwa hiyo niliichomeka diski kwenye laptopu yangu kupitia stendi ya USB 3.0 yenye adapta yake ya umeme. Diski ya inchi 3.5 inahitaji volti 12, umeme wa USB peke yake hauiwashi. Laptopu inatumia mfumo wa Linux, na kitu cha kwanza nilichosoma ni taarifa za SMART, daftari ambalo diski hujiandikia yenyewe: saa ilizofanya kazi, sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizohamishwa baada ya kuharibika, na sekta zinazosubiri kuamuliwa. Namba ya sekta zinazosubiri ikiwa juu ya sifuri na inapanda, umeshapata jibu lako. Ya shangazi ilikuwa inapanda.

Baada ya hapo hakuna kubofya mafolda na kuburuta picha moja moja. Kila ukifungua folda unailazimisha diski mgonjwa kurukaruka huku na huko. Unanakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwenda kwenye faili moja kubwa, halafu unatafuta mafaili ndani ya nakala hiyo kwa raha zako. Programu ya kazi hiyo ni GNU ddrescue, ya bure, na akili yake iko kwenye mpangilio: mzunguko wa kwanza inanyakua kila kinachosomeka kirahisi na kuruka palipo pabaya, ili kama diski itakufa katikati ya kazi, iwe imekufa baada ya kutoa kilicho kizuri. Kisha ndiyo inarudi kwenye mabaya na kuyapunguza kidogo kidogo. Inaandika faili la ramani ya ilipofika, kwa hiyo umeme ukikatika, ukirudi inaendelea pale pale. Kwa mji ambao umeme unakatika, faili hilo la ramani ni rehema.

Tuliiacha ikifanya kazi usiku, feni ya mezani ikiipulizia diski. Ilitoa karibu kila kitu. Sehemu zilizokataa kabisa zilikuwa ndogo, na sehemu kubwa yake ziliangukia kwenye mafaili ya mfumo wenyewe, ambayo yana mbadala popote. Kadi za harusi, picha za wanafunzi, barua, vyote vikafunguka. Shangazi alitaka aone folda moja tu kwanza, ya picha za mama yake, yaani bibi yangu, alizoziskani kutoka karatasi za zamani ambazo zenyewe zilishaliwa na unyevu. Zilikuwepo. Nilisimama pembeni nikamwacha azipitie, kazi ya kompyuta ingeweza kusubiri.

Diski mpya sasa. Kwa mashine ya umri huu sioni sababu ya kurudisha diski ya kuzunguka, labda kwa mtu anayehitaji nafasi kubwa sana kwa fedha kidogo. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka, haitoi joto la maana, na tofauti yake kwa mtumiaji si ndogo. Diski ya zamani ilihitaji kiasi cha milisekunde 10 kukifikia kitu kimoja. SSD inakifikia kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Kwa sababu kuwasha kompyuta ni kutafuta vitu vidogo maelfu kwa maelfu, ndiyo maana mashine ya 2011 ikipata SSD watu wanadhani umebadilisha na prosesa. iMac hii ina SATA, njia ya data ya diski, ya gigabiti 6 kwa sekunde, inatosha kabisa kwa SSD ya kawaida ya inchi 2.5. Za 2009 na 2010 ni gigabiti 3, na bado tofauti ni kubwa.

Sokoni angalia sana. Kuna SSD bandia zinazojitangaza terabaiti moja huku ndani mna kichipu cha GB chache, na zinajaa kimya kimya zikiandika vipya juu ya vya zamani. Bei ikiwa nzuri kupita kiasi, sababu ipo. Kabla ya kuifungia nyuma ya kioo nilijaza SSD yote kwa programu ya F3, inayoandika data hadi mwisho kisha kuisoma tena kuthibitisha ujazo. Kufungua mashine upya kwa sababu ya diski feki ni uchungu usio wa lazima. SSD inakaa kwenye fremu ya kuikuza hadi inchi 3.5, kishikio cheusi na pini za zamani vinahamishiwa kwenye fremu hiyo, na kwa sababu kebo za iMac ni za kuning'inia, haijalishi kichwa cha SSD kimekaa upande gani. Nimeona mashine ambazo SSD imebandikwa ndani kwa utepe wa pande mbili. Joto la miaka miwili linaulainisha utepe, na siku moja SSD inaning'inia kwa kebo yake. Fremu ni bei ndogo, nunua fremu.

Halafu lipo jambo la feni, ambalo limewafanya wengi wadhani wameharibu kompyuta. Katika iMac za 2009 na 2010, joto la diski linapimwa kwa waya unaochomekwa kwenye diski yenyewe, na waya huo unategemea chapa ya diski. Katika za 2011 Apple ilihamishia taarifa hiyo kwenye kebo ya umeme, ikitegemea diski zenye programu maalumu ya ndani. Ukiweka diski ya kawaida ya dukani, mashine haipati taarifa ya joto, na kwa tahadhari inazungusha feni ya diski kwa kasi yote. Kompyuta iliyokuwa kimya inanguruma kutwa nzima. Haijaharibika, inaogopa tu kwa sababu haioni.

Dawa ni mbili. OWC, kampuni ya vipuri vya Mac, wanauza kebo yenye kihisi joto chake, inayoingia katikati ya ile ya umeme, na hilo ndilo suluhisho safi kwa sababu linafanya kazi na mfumo wowote wa kompyuta. Nyingine ni programu ya Macs Fan Control, inayosoma joto kutoka SMART ya diski na kuiongoza feni kwa hilo. Kuagiza kebo hadi Tanga kungemuweka shangazi bila kazi muda mrefu, tukatumia programu. Ina kasoro moja: tangu mashine inapowaka hadi programu inapoanza, feni inavuma. Shangazi nilimweleza mapema, ili asije akashtuka peke yake asubuhi.

Kabla ya kufunga kioo, iwashe. Rudisha kebo nne za skrini, iegemeze mahali pake, washa, hakikisha picha inaonekana na SSD inatambulika. Kisha ndiyo skrubu nane, halafu usafi wa kioo upande wa ndani, na hili linachosha kuliko yote, kwani alama moja ya kidole ambayo huioni mchana inaonekana wazi kwenye ukurasa mweupe. Futa, angalia kwa pembeni ukiwa na tochi ya simu, futa tena, pulizia vumbi, ndipo ukiruhusu sumaku zikivute.

Mfumo wa mwisho ambao Apple ilizipa iMac za 2011 ni High Sierra, wa mwaka 2017. Nilitengeneza fleshi ya kuisakinisha kwa kutumia Mac nyingine. Ukipewa na mtu kifurushi cha zamani kikagoma kwa kusema kimeharibika, angalia kwanza kilipakuliwa lini: vya kabla ya Oktoba 2019 vina cheti kilichokwisha muda, pakua kipya. Angalia na tarehe ya mashine, kwani iliyokaa muda mrefu bila umeme inaweza kurudi nyuma miaka, na usakinishaji unakataa bila kusema sababu ya kueleweka. Baada ya mfumo kukaa, amri ya trimforce kwenye Terminal, dirisha la kuandikia amri, inawasha TRIM, ili SSD isiyo ya Apple iambiwe ni nafasi zipi zimefutwa na isizeeke mapema.

High Sierra haipati tena masahihisho ya usalama, na hilo sikumficha. Kwa kubuni kadi na kuchapa, anaendelea na programu zake alizozizoea. Kwa intaneti tumeweka kivinjari cha Firefox ESR 115, toleo la mwisho linalokubali mfumo huo, na mambo ya benki anafanya kwenye simu yake. Kama kazi yake ingekuwa ya barua na intaneti tu, ningemwekea Linux Mint bila kusita. Bekapu sasa iko kwenye diski ya nje, kwa Time Machine, programu ya bekapu ya Apple, inachomekwa kila akifunga duka.

Ikabaki diski ya zamani. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita mtaani aliiulizia, na kwa kweli hili ndilo ningependa wenye maduka ya stesheneri wote walisome mara mbili. Diski iliyokataa kuwasha kompyuta si diski tupu. Sisi wenyewe tulikuwa tumetoka kuinakili karibu yote. Ndani yake kulikuwa na miaka ya vitambulisho vya NIDA vilivyoskaniwa, pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya nyumba, saini za watu. Wateja walileta karatasi zao kwa shangazi, hawakumpa mnunuzi wa chuma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, ni amana ya watu.

Kwa sababu diski ilikuwa bado inazunguka, nilijaribu kuiandika sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilifika mbali, ikakwama kwenye sekta mbovu, na sekta mbovu nazo zinaweza kuwa na kitu. Tukaipeleka kwa fundi seremala wa mtaa wa pili mwenye drili ya meza. Shangazi akamwonyesha mwenyewe pa kutoboa, mbali na mhimili, kupitia sahani zote hadi upande wa pili. Alipomaliza tundu la kwanza, shangazi akamwambia aongeze mengine matatu, akalipa, na tukarudi dukani ambako mteja wa kadi za harusi alikuwa ameshaanza kusubiri.